Ndugu yako akiwekwa ndani: namna ya kumfuatilia kutoka kituoni hadi rufaa

Nunua daftari la shule na kalamu mbili. Fanya hivyo kabla ya kumpigia simu mjomba aliyeko Dar, na kabla ya kuitisha kikao cha ukoo. Ukurasa wa kwanza andika jina kamili la ndugu yako kama lilivyo kwenye kitambulisho chake cha NIDA, mahali alipokamatiwa, tarehe, saa, nani alimkamata na nani aliona. Saa usingoje kuikumbuka baadaye. Muulize aliyeshuhudia sasa hivi, uiandike.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama hapa mkoani Kilimanjaro mpaka nilipostaafu. Sasa ni msaidizi wa kisheria, naishi Pasua, Moshi, na wanaonigongea mlango usiku wengi ni kina mama na wake za watu. Miaka yote niliyokaa na majalada nimeona jambo moja likijirudia: haki za mtuhumiwa zimo kwenye sheria, tena zimeandikwa vizuri, lakini kila haki ina wakati wake wa kudaiwa. Wakati ukipita kimya kimya, hata hakimu mwenye nia njema anakosa pa kushika, kwa sababu yeye anaamua kwa yaliyomo kwenye jalada. Ndiyo maana maelekezo haya yanafuata nyakati hizo, moja baada ya nyingine.

Kituoni

Jua kwanza yuko wapi. Watu wa mjini hukimbilia kituo kikuu, kumbe aliyekamatiwa Kiboriloni au Himo bado yuko kituo cha huko huko. Waende watu wawili, mmoja aseme na mwingine aandike. Kaka mwenye hasira abaki nyumbani. Najua anampenda mdogo wake, lakini maneno ya kaunta yanaweza kuleta kesi ya pili.

Msalimie askari, kisha sema: "Habari za kazi, afande. Mimi ni mama yake fulani, nimeambiwa ameletwa hapa jana saa mbili usiku. Naomba kujua anatuhumiwa kosa gani, mpelelezi wake ni nani, na namba ya jalada ni ipi." Halafu funua daftari uandike anayokujibu, wazi wazi, bila kumtolea macho. Kuuliza hivyo si ujeuri. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 15, inalinda uhuru wa mtu, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayemkamata mtu amweleze sababu ya kumkamata. Ukiona kaunta imekuwa ngumu, omba kumwona mkuu wa kituo, yule wanayemwita OCS. Maamuzi ya dhamana ya polisi yako mezani kwake.

Kuhusu saa 24, watu wengi wanaijua nusu. Sheria inasema hivi: mtu akikamatwa bila hati, na kosa lake si la adhabu ya kifo, mkuu wa kituo akiona haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24 anatakiwa aichunguze kesi na kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa lenyewe likionekana kuwa zito. Anayebaki ndani afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo ukisema tu "saa 24 zimepita, mwachieni," utajibiwa kwamba kosa ni kubwa, na mazungumzo yataishia hapo. Sema hivi badala yake: "Mkuu, kijana amekamatwa jana saa mbili usiku. Kosa aliloandikiwa ni shambulio la kawaida. Naomba dhamana, wadhamini ninao hapa nje." Umetaja saa, umetaja kosa, umeleta suluhisho. Akikataa, muulize sababu kwa upole na uiandike pamoja na jina lake.

Wanaokamatwa Ijumaa jioni ndio wanaoumia zaidi, kwa sababu familia nzima inaamini lazima kungojea Jumatatu mahakama ifunguliwe. Dhamana ya polisi haingoji mahakama. Kituo hakifungwi Jumamosi.

Mama mmoja anayeuza ndizi Mbuyuni alinifuata Jumapili baada ya ibada. Kijana wake alikuwa ndani tangu Ijumaa kwa ugomvi wa stendi. Chakula alikuwa anapeleka asubuhi na jioni, chupa ya uji na ndizi za kuchemsha, anaikabidhi kaunta na kuondoka. Nikamuuliza, "Umeuliza kosa ni nini?" Akasema, "Niliogopa, Mama Karani. Nikiuliza wasije wakamfanyia vibaya." Tukaenda wote. Mkuu wa zamu alifungua kitabu, akatuonyesha kwa kidole: shambulio la kawaida. Nafasi ya dhamana ilikuwa tupu. Hakuna aliyekuwa ameikataa, kwa sababu hakuna aliyeiomba. Mwenyekiti wa mtaa akaandika barua, shemeji yake akasaini, na jioni ile kijana akalala kwao.

Mambo mawili hayaruhusiwi kabisa, na nayasema kwa sauti kwa sababu bado yanatokea. La kwanza ni kumshika mama, mke au mdogo wa mtu ili anayetafutwa ajitokeze. Kosa la jinai ni la aliyelitenda, na hakuna sheria inayoruhusu kumweka ndani mtu kama rehani ya mwenzake. Ukikuta hivyo, swali lako liwe moja tu: "Huyu mama yeye mwenyewe anatuhumiwa kosa gani?" La pili ni kugeuza deni kuwa jinai. Mtu amechukua mkopo wa kikundi au amechukua mzigo wa mitumba soko la Memorial kwa mali kauli, biashara ikakwama, aliyemkopesha anakwenda kituoni. Deni ni shauri la madai, linafunguliwa mahakamani, na kwa madeni madogo Mahakama ya Mwanzo inatosha. Linakuwa jinai pale tu panapokuwa na udanganyifu tangu mwanzo. Usisaini kituoni hati ya kukiri deni au ya kuuza kiwanja ukiwa nyuma ya kaunta bila viatu.

Wakija kupekua nyumba, omba kuona hati ya upekuzi, mwite balozi au mwenyekiti wa mtaa awe shahidi, na usisaini orodha ya vitu vilivyochukuliwa mpaka uisome yote. Hati ya upekuzi hutekelezwa mchana, kati ya kuchomoza na kuzama kwa jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Kwenye dharura polisi wanaweza kuingia bila hati, lakini orodha ya mali iko pale pale. Mwanamke anapekuliwa mwilini na mwanamke.

Maelezo ya onyo

Hapa ndipo kesi nyingi zinapoamuliwa, kwenye chumba kidogo chenye meza na benchi, mashahidi wa mahakamani hata hawajaitwa. Mpelelezi anaandika maelezo ya mtuhumiwa na kumwonya kwamba atakayoyasema yanaweza kutumika kama ushahidi. Mfundishe ndugu yako mapema, akiwa bado nyumbani hana kesi na mtu, kwamba jina na anwani yake atazitoa, lakini maswali kuhusu kosa halazimiki kuyajibu. Ana haki ya kuomba awasiliane na wakili, ndugu au rafiki. Mpelelezi anaweza kuzuia ndugu au rafiki kama anaamini mwenzake aliyeshiriki atatoroka au ushahidi utapotezwa.

Mahojiano yana muda. Sheria inatoa saa nne za msingi tangu mtu awekwe chini ya ulinzi kwa ajili ya kosa hilo, na zinaweza kuongezwa kwa utaratibu maalumu. Unaona sasa kwa nini nilikusumbua na saa ya kukamatwa? Maelezo yaliyochukuliwa siku ya tatu bila kibali cha kuongeza muda yanapingika mahakamani, lakini wakili atayapinga kwa kitu gani kama hakuna anayekumbuka kijana alikamatwa saa ngapi?

Maelezo yasomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa. Anayo haki ya kusahihisha na kuongeza. Mtu asiyejua kusoma asitie dole gumba mpaka asomewe neno kwa neno.

Akipigwa, mambo matatu yafanyike. Aombe matibabu. PF3, fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, itafutwe na daktari aandike anachokiona, hapa mjini wengi hupelekwa hospitali ya Mawenzi. Na siku ya kwanza kabisa atakapopanda kizimbani amwambie hakimu: "Mheshimiwa, nilipigwa nikiwa mahabusu, nina majeraha hapa, naomba iandikwe." Akinyamaza siku hiyo na kuja kusema mwaka ujao, itaonekana ameitunga. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu kuteswa au kuadhibiwa kinyama. Hilo halina mjadala, hata kama kijana kweli aliiba.

Mtoto wa chini ya miaka 18 ana sheria yake, ya mwaka 2009, na ana mahakama yake. Asihojiwe peke yake. Mzazi, mlezi au afisa ustawi wa jamii awepo. Nenda na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki, kwa sababu vijana wa leo ni warefu na umri wao hauonekani usoni.

Dhamana

Dhamana ni bure. Ni ahadi ya maandishi kwamba mtu atarudi atakapohitajika, na mdhamini anajifunga kulipa kiasi fulani kama akitoroka. Anayekutaka elfu hamsini "ya kufungulia jalada" anakuomba rushwa. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Kuna wakati mahakama huagiza fedha taslimu ziwekwe kama sharti. Hizo zinalipwa serikalini kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, unapewa stakabadhi, na unarudishiwa kesi ikiisha kama masharti yamefuatwa. Hazipiti mfukoni mwa mtu.

Mdhamini awe na kitambulisho, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, na picha ndogo. Wachague watu wanaofikika. Mjomba mwenye duka Kariakoo ana uwezo kuliko wote, lakini hawezi kuja Moshi kila tarehe. Barua ya mtaa ifuate siku hiyo hiyo, kwa sababu ofisi za mtaa hazishindi wazi. Nimeona mtu akienda gereza la Karanga kwa sababu ya barua tu, hakimu ameshatoa dhamana saa tatu asubuhi na mdhamini halali hajapatikana hadi basi la magereza linaondoka.

Yapo makosa ambayo sheria imeyanyima dhamana, kama mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na utakatishaji fedha. Katazo hilo liliwahi kupingwa mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema linavunja Katiba, lakini mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua na kulirudisha. Maoni yangu hayajabadilika: anayejua kama mtu atatoroka ni hakimu anayemwona, na ni huyo angepaswa kuamua. Lakini sheria ndiyo hiyo kwa sasa, kwa hiyo asije mtu akakuchukulia pesa akakwambia atamtoa mwenye kesi ya mauaji kwa dhamana. Kwa makosa mengine, hakimu akikataa au akiweka masharti makubwa kuliko uwezo wenu, yanaweza kuombwa yapunguzwe, na Mahakama Kuu ina mamlaka hayo. Masjala ya Mahakama Kuu ipo hapa hapa Moshi. Arusha nako ipo, ndani ya Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki.

Neno la kwanza kizimbani

Kama utasoma kipande kimoja tu, soma hiki.

Hakimu atasoma shtaka, kisha atauliza: ni kweli au si kweli? Jibu la "ni kweli" linafungua njia fupi sana. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kosa, mshtakiwa anaulizwa kama anakubali, akikubali anatiwa hatiani papo hapo, na adhabu inafuata. Na aliyekiri mwenyewe rufaa yake imebanwa. Kwa kawaida anasikilizwa juu ya adhabu tu, si juu ya kama alitenda.

Watu wetu wamelelewa vizuri. Mtu mzima akikuuliza jambo mbele ya watu, unajibu kwa heshima na hukatai lililo wazi. Mahakamani malezi hayo yanawaponza. Chukua kesi za kihamba, yaani shamba la ukoo, zinazojaa kila Desemba watu wakirudi nyumbani kwa Krismasi. Baba amefariki, ndugu wawili wanagombea kipande cha migomba Kibosho. Mdogo anaingia na panga, anakata migomba kadhaa apande parachichi. Mkubwa anamshtaki kwa kuharibu mali. Siku ya kusomewa, hakimu anauliza, na mdogo anajibu, "Ni kweli nilikata, mheshimiwa." Ndani ya moyo wake kuna sentensi ya pili: nilikata kwa sababu ni yangu, baba alinipa mbele ya wazee. Sentensi hiyo ya pili ndiyo utetezi wenyewe. Kanuni ya Adhabu inasema mtu hana hatia kwenye kosa la mali kama alitenda kwa kuamini kwa dhati kwamba ana haki na mali ile, bila nia ya kudanganya. Kwa hiyo jibu lake sahihi lilikuwa "si kweli," na hajasema uongo hata chembe. Anachokataa ni kosa, hakatai panga wala migomba.

Mwambie ndugu yako hivi: ukiwa na "lakini" yoyote baada ya "ni kweli", jibu ni "si kweli." Asiyeelewa shtaka aseme haelewi, arudiwe. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama zetu, na anayejua Kimaasai au Kichaga tu aombe mkalimani. Mkalimani si hisani, ni haki yake.

Baadaye kuna siku ya hoja za awali. Mwendesha mashtaka anasoma maelezo ya kesi, na mshtakiwa anaulizwa ni yapi hayabishaniwi. Yaliyokubaliwa yanaandikwa, yanasainiwa, na yanachukuliwa kama yamethibitishwa. Hakuna shahidi atakayeitwa kuyaeleza tena. Ukiwa huna wakili, kubali jina lako, umri, makazi na kwamba ulikamatwa. Mengine yaache yathibitishwe na aliyekushtaki, maana ibara ya 13 inasema mtu hatatendewa kama mkosaji mpaka ithibitike, na mzigo wa kuthibitisha uko upande wa mashtaka.

Kutajwa na kusikilizwa

Familia nyingi zinachoka hapa. Wanapanda Hiace kutoka Uru au Old Moshi, wanakaa benchi hadi saa sita, wanaambiwa kesi "imetajwa" na imeahirishwa, wanarudi wakidhani wamefanyiwa hila. Kutajwa hakuna mashahidi. Ni kuangalia kesi imefika wapi na kupanga tarehe. Kusikilizwa ndiko mashahidi wanakotoa ushahidi. Muulize karani mapema ya safari hii ni ipi, na kama ni kutajwa, anakwenda mshtakiwa na mdhamini wake. Hao wasikose hata siku moja, maana mshtakiwa asipoonekana dhamana inafutwa. Wimbo wa "upelelezi haujakamilika" msiuache upite tu. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili mashtaka yasifunguliwe kabla upelelezi haujakamilika, isipokuwa kwa makosa makubwa. Mshtakiwa anaweza kusimama na kusema: "Mheshimiwa, naomba mahakama iuagize upande wa mashtaka kukamilisha." Iandikwe kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za kesi anazoandika hakimu, na wewe iandike kwenye daftari.

Siku ya kusikilizwa, mshtakiwa ana haki ya kumuuliza kila shahidi maswali. Asihutubie. Aulize. "Ulisema uliniona saa mbili usiku. Palikuwa na taa gani? Ulikuwa umbali gani? Polisi ulipoandika maelezo ulinitaja jina?" Jambo zito ambalo shahidi amelisema na mshtakiwa hakulihoji, mahakama inaweza kulichukua kama amelikubali. Andaeni maswali usiku uliotangulia, mkae wote mezani.

Na yale maelezo ya onyo, kumbuka, yataletwa siku moja kama kielelezo. Mwendesha mashtaka ataomba yapokelewe, na hakimu atamgeukia mshtakiwa: una pingamizi? Wakati wake ni huo, sekunde chache tu. Kama alipigwa au alilazimishwa kuyasema, ajibu: "Napinga, mheshimiwa, sikuyatoa kwa hiari yangu." Hapo mahakama inalazimika kuchunguza kwanza, na ni upande wa mashtaka unaopaswa kuthibitisha kwamba alisema kwa hiari. Akisema "sina pingamizi" kwa woga au kwa kutoelewa, yameingia, na kwenye rufaa ataambiwa alipaswa kusema kabla. Nyaraka ikishapokelewa, isomwe kwa sauti mahakamani. Isiposomwa, mshtakiwa aombe isomwe.

Kama siku ya tukio alikuwa Arusha kwa dada yake, taarifa ya utetezi huo itolewe mapema kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, na dada aitwe shahidi. Tiketi ya basi na ujumbe wa simu viwekwe kwenye bahasha tangu wiki ya kwanza.

Asiye na hela ya wakili

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliandikwa kwa ajili yake. Mshtakiwa amwambie hakimu: "Sina uwezo wa kumlipa wakili, naomba mahakama inipatie msaada wa kisheria." Mahakama ikiridhika kwamba hana uwezo na haki inahitaji hivyo, inaweza kuagiza apatiwe. Kwenye kesi za mauaji Mahakama Kuu, wakili anawekwa na serikali. Sisi wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa na sheria hiyo. Tunaelekeza, tunaandika barua, tunafuatana nawe kituoni, lakini hatusimami mahakamani kama mawakili, na hatutozi. Msaidizi anayekutoza, mwache. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, wote wana ofisi Arusha.

Watu huniambia, "Mama Karani, si twende Mahakama ya Afrika, si ipo hapo Arusha?" Ipo, ni Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na ilitoa hukumu nzito kuhusu jambo hili hili. Novemba 2015, kwenye shauri la Alex Thomas dhidi ya Tanzania, ilisema nchi yetu ilivunja haki ya kusikilizwa ya mtu aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kwa sababu miongoni mwa mengine hakupewa wakili kwenye kosa lenye adhabu kubwa namna hiyo. Lakini Novemba 2019 Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu mtu binafsi kwenda moja kwa moja, na tangu Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Natamani ufunguliwe, nami sitachoka kusema hivyo. Mpaka hapo, usiuze ng'ombe kumlipa mtu anayekuahidi kukupeleka huko. Hukumu ile bado ina kazi. Wakili anaweza kuitaja mbele ya mahakama zetu wenyewe anapoomba mteja wake apatiwe msaada.

Hukumu ikisomwa vibaya

Lieni, lakini mmoja wenu abaki na daftari. Siku zinaanza kuhesabiwa hapo hapo.

Kesi ikiwa ya Mahakama ya Mwanzo, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Ikiwa ya Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, ni hatua mbili, na hatua ya kwanza ndiyo inayopotea: notisi ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, kisha hati ya rufaa yenye sababu ndani ya siku 45. Muda wa kungojea nakala ya mwenendo na hukumu hauhesabiwi, kwa hiyo omba nakala kwa barua siku hiyo hiyo, na ubaki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Muhuri huo ndio utakaokuokoa mtu akisema mmechelewa. Rufaa ya pili, kwenda Mahakama ya Rufani, notisi yake ni siku 30. Mkichelewa kwa sababu ya kweli, kama ugonjwa au nakala kutotolewa, mnaweza kuomba kuongezewa muda, na sababu hiyo mtaithibitisha kwa karatasi.

Aliyefungwa anaweza kuitoa notisi kupitia mkuu wa gereza. Haihitaji wakili wala ufasaha, ni karatasi ya kusema nitakata rufaa. Sababu zitakuja baadaye, mwenendo ukishatoka, na hapo ndipo umpelekee wakili daftari lote pamoja na bahasha. Ukienda Karanga kumwona wiki ile ya kwanza, swali la kwanza dirishani liwe: notisi umesaini tarehe ngapi, na nani ameipokea? Andika jibu lake kabla hujaanza kumpa habari za watoto.